Biashara ya nje: Kontena likiondoka Athi River, nini hubaki?

MALORI yenye makontena hutoka kila siku katika eneo la EPZ la Athi River, Kaunti ya Machakos, yakashika barabara kuu ya kuelekea Mombasa. Mengi ya makontena hayo hubeba suruali, mashati na fulana zilizoshonwa kwa ajili ya maduka ya Marekani. Tarehe 30 Septemba 2025, sheria ya AGOA iliyoziruhusu nguo hizo kuingia Marekani bila ushuru ilifika kikomo cha muda uliowekwa mwaka 2015, Bunge la nchi hiyo likiwa halijapitisha nyongeza yoyote. Kwa maelfu ya mafundi wa cherehani, wengi wao wanawake vijana, swali halikuwa la kinadharia. Walitaka kujua kama mwezi uliofuata wangekuwa na kazi.

Katika mjadala uliozuka, wasomaji walisikia maneno kama vile upendeleo wa kibiashara, kanuni za asili ya bidhaa, urari wa biashara na thamani inayoongezwa. Ni maneno yanayotajwa mara nyingi na kufafanuliwa mara chache. Sisi tunaohariri habari tuna fungu letu la lawama, kwani huona tumemaliza kazi tukishaandika kichwa cha kutangaza kwamba mauzo ya nje yameongezeka. Swali la pili, kwamba katika mauzo hayo ni kiasi gani kilichobaki nyumbani, huachwa. Machakos panafaa sana kulijibia swali hilo, kwa kuwa biashara ya kimataifa haikuingia huko pamoja na EPZ. Ilikwisha kufika zamani, kwa miguu.

Pembe kwa merikani

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa, ikarudi na shanga, waya wa shaba na nguo. Miongoni mwa nguo zilizopendwa ni kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Zanzibar na merikebu za bandari ya Salem, hasa baada ya Marekani kutia saini mkataba na Seyyid Said mwaka 1833. Watu wa pwani walikiita merikani, na jina hilo lingali linatumika. Nyingi ya pembe zilizopelekwa Marekani ziliishia Connecticut, zikachongwa kuwa vibao vya kubonyezea kinanda.

Kila upande ulitoa alichokuwa nacho kwa wingi ukapata alichokikosa, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya watu kufanya biashara. Hata hivyo, bidhaa hizo mbili hazikuwa za aina moja. Kitambaa kilikuwa kimekwisha kupitia mikono ya msokotaji, mfumaji na mwenye kiwanda, na kila mkono ulibakisha kitu Marekani, ingawa tusisahau kwamba aliyepanda pamba yenyewe kusini mwa nchi hiyo alikuwa mtumwa asiyelipwa chochote. Pembe ilikuwa malighafi tupu: ilitolewa porini, ikasafirishwa, basi. Tofauti kati ya bei ya malighafi na bei ya bidhaa iliyokamilika ndiyo inayoitwa thamani inayoongezwa. Humo ndimo hutoka mishahara, faida na kodi.

Isitoshe, pamba hupandwa tena kila msimu, ilhali ndovu walizidi kuadimika na misafara ikalazimika kwenda mbali zaidi. Kufikia nusu ya pili ya karne hiyo, wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walikuwa wakiingia bara wenyewe, na nafasi ya Wakamba kama wachukuzi na madalali ikapungua. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopiganwa Marekani kati ya 1861 na 1865, merikani iliadimika, na nguo kutoka Bombay na Uingereza zikajaza pengo. Mnunuzi wa Ukambani aliona mabadiliko hayo katika shuka lake bila kusikia habari za vita.

Hesabu ya Mueni na Mutua

Mwaka 1817, Mwingereza David Ricardo alitoa hoja ambayo hadi leo ndiyo nguzo ya somo la biashara ya kimataifa. Alitumia mfano wa nguo za Uingereza na mvinyo wa Ureno. Sisi tutumie majirani wawili wa kubuni, Mueni na Mutua.

Kwa siku moja, Mueni anaweza kushona nguo sita au kuchuma kreti sita za maembe. Mutua anaweza kushona nguo moja tu au kuchuma kreti nne. Mueni anamshinda jirani yake kwa kila kazi. Je, ana haja gani ya kubadilishana naye? Tazama kila mmoja anaacha nini. Mueni akishona nguo moja anapoteza kreti moja. Mutua akishona nguo moja anapoteza kreti nne. Basi Mueni akiongeza siku moja ya kushona, na Mutua akahamisha siku zake mbili kutoka cherehanini hadi shambani, zinapatikana nguo sita na kupotea mbili, zinapatikana kreti nane na kupotea sita. Kwa jumla pana nguo nne na kreti mbili za ziada, na hakuna aliyeongeza hata saa moja ya kazi.

Hiyo ndiyo faida linganishi. Nchi haihitaji kuwa bora kuliko nyingine zote ili inufaike. Inatosha ishike kazi ambayo kwayo inapoteza kidogo zaidi. Hoja hii ni kweli, na wanaoipuuza huishia kuzalisha kwa gharama kubwa kile ambacho wangenunua kwa bei nafuu. Lakini haisemi zile nguo nne za ziada zitagawanywa vipi. Wala haisemi Mutua atakuwa nani baada ya miaka 30 ya kuchuma maembe huku mwenzake akizidi kujifunza kutumia mitambo mipya. Tena inachukulia kwamba wote wawili wamekubali wenyewe.

Ng'ombe wa mwaka 1938

Athi River ilipata viwanda kwa sababu ilipata reli. Mwaka 1899 njia ya reli ilipita kwenye nyanda ikauacha mji wa Machakos kando, na makao ya utawala yaliyokuwa Machakos yakahamishiwa Nairobi mwaka huohuo. Penye uchukuzi rahisi ndipo mtaji hutua.

Katika miaka ya 1930 kampuni ya nyama ya Liebig ilijenga kiwanda Athi River. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa ikilalamika kwamba mifugo ya Wakamba ilikuwa mingi kupita kiasi na ilikuwa ikiharibu udongo. Mmomonyoko ulikuwepo kweli. Lakini Wakamba walikuwa wamebanwa katika hifadhi, ardhi nzuri iliyowazunguka ikiwa imetwaliwa na walowezi. Mwaka 1938 ng'ombe wakaanza kukamatwa na kuuzwa kwa lazima, kwa bei ambayo wenyewe hawakuipanga, na kiwanda kikapata malighafi.

Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu wa chama cha Ukamba Members Association, walikwenda Nairobi kwa maelfu wakakaa huko kwa majuma kadhaa wakidai kuonana na Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha serikali ilikuwa imeachana na mauzo ya lazima. Leo barabara moja katikati ya jiji la Nairobi ina jina lake. Katika takwimu za forodha, nyama iliyotokana na ng'ombe hao ingeandikwa kama mauzo ya nje sawa na nyama nyingine yoyote.

Mbuni na matuta

Tulinganishe na kahawa. Chini ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wakulima Waafrika waliruhusiwa kupanda mibuni kwa wingi, wakiwemo wa sehemu za milimani za Machakos kama vile Kangundo na Matungulu. Walitakiwa kwanza kuchimba matuta ya kuzuia udongo na maji. Matuta yaliyokuwa yakichukiwa yalipochimbwa kwa amri, sasa yalichimbwa kwa hiari, kwa sababu yalikuwa na malipo. Mtindo mmojawapo, wa kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, unajulikana kwa wataalamu duniani kwa jina lake la Kiswahili, fanya juu.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti ulioishangaza dunia ya maendeleo. Wilaya ya Machakos ya zamani, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, ilikuwa na watu wapatao 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kufikia mwaka 1989 idadi hiyo ilikuwa imekaribia milioni 1.4. Waliotabiri jangwa walikuta matuta, miti na mazao ambayo thamani yake kwa kila mtu ilikuwa imeongezeka takriban mara tatu. Wapo waliopinga, wakisema watafiti walitilia mkazo mdogo ukaribu wa Nairobi na tofauti kati ya matajiri na maskini. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini si rahisi kukana kwamba pesa za kahawa, pamoja na mishahara iliyotumwa kutoka mjini, zilirudi ardhini: zilinunua majembe ya kukokotwa na ng'ombe, zililipa vibarua wa kuchimba matuta na karo za watoto. Kahawa ilisafirishwa ikiwa mbichi, lakini kilichobaki kilizaa kingine. Huo ndio mpaka kati ya biashara na maendeleo.

Bei, hata hivyo, haikupangwa Kangundo. Baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazil mwezi Julai 1975, wakulima wa Kenya walivuna fedha wasizopata kuziona tena. Mfumo wa kugawana viwango vya mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulipovunjika Julai 1989, bei iliporomoka na wengi wakaacha mibuni bila kuihudumia. Wachumi Raul Prebisch na Hans Singer walikuwa wamekwisha kuonya mwaka 1950 kwamba, kwa muda mrefu, bei za malighafi huelekea kubaki nyuma ya bei za bidhaa za viwandani. Kwa lugha ya mkulima, trekta lililonunuliwa jana kwa magunia kumi kesho litataka kumi na tano.

Kitambaa cha nani?

Turudi EPZ. Sheria ya mwaka 1990 iliwapa wawekezaji wa maeneo hayo msamaha wa kodi ya mapato kwa miaka 10, na nafuu nyingine za ushuru, mradi wauze nje. AGOA ilipopitishwa mwaka 2000 viwanda vya nguo viliongezeka haraka. Sababu yake ni hesabu nyepesi. Suruali ya pamba iingiayo Marekani hutozwa ushuru wa kawaida wa asilimia 16.6, na baadhi ya nguo za nyuzi bandia hufikia asilimia 32. Anayesamehewa ushuru huo humshinda mpinzani wake kabla hata sindano haijaguswa. Huo ndio upendeleo wa kibiashara.

Ili nguo ihesabiwe kuwa ya Kenya, lazima itimize kanuni za asili ya bidhaa. AGOA ilikuwa na kifungu cha huruma kilichoruhusu nchi kama Kenya kutumia kitambaa kutoka popote, na sehemu kubwa ya kitambaa ilitoka Asia. Tuchukue mfano wa kubuni: suruali inauzwa nje kwa Sh1,000. Kitambaa, zipu na vifungo vilivyoagizwa vimegharimu Sh650. Takwimu zitaonyesha mauzo ya Sh1,000, lakini urari wa biashara, yaani tofauti kati ya tunachouza na tunachonunua nje, umenufaika kwa Sh350 tu, na humo mna mishahara, umeme, uchukuzi na faida ya mwenye kiwanda, ambaye mara nyingi ni mgeni.

Sisemi hayo ili kudharau Sh350. Kwa binti aliyetoka Mwala au Masinga bila kazi, mshahara huo ni kodi ya nyumba na karo ya mdogo wake. Hata hivyo ujira na mazingira ya kazi vimekuwa chanzo cha migogoro, ikiwemo migomo ya Januari 2003. Na upendeleo huliwa pia na wengine: viwango vya kimataifa vya kugawana soko la nguo vilipoondolewa tarehe 1 Januari 2005, China iliachiliwa uwanja na baadhi ya viwanda vya Kenya vikapunguza wafanyakazi au kufungwa.

Kisichotokea kwa upana uliotarajiwa ni cherehani za Athi River kuamsha mashamba ya pamba na viwanda vya kufuma. KICOMI ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret zilikuwa zimeanguka tangu soko lilipofunguliwa, na ingawa Rivatex ilifufuliwa na Chuo Kikuu cha Moi, pengo ni kubwa. Mkataba wa Kenya na Muungano wa Ulaya ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2024 umefungua mlango mwingine wa kuuzia, na Desemba 2019 serikali iliidhinisha kilimo cha pamba ya Bt. Lakini kati ya shamba la pamba na cherehani ya Athi River lazima pawepo mitambo ya kusokota nyuzi, kufuma na kutia rangi, na mitambo hiyo hula umeme usiku na mchana.