Makala ya Kisayansi Huanza na Swali

Watafiti wengi chipukizi hudhani kwamba majarida ya fizikia hupokea majibu yaliyokamilika tu. Historia ya Tanzania yaonyesha vingine. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona maziwa ya aiskrimu yaliyotiwa katika jokofu yangali moto yakiganda kabla ya yale ambayo hayakuwa moto. Wenzake walimcheka. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam swali lile lile. Osborne hakulipuuza, aliagiza lijaribiwe maabarani.

Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education la Uingereza. Walieleza vyombo vyao, kiasi cha maji, yaani mililita 70, halijoto ya mwanzo na muda uliopita hadi maji yalipoanza kuganda. Kwa hiyo msomaji yeyote aliweza kulirudia jaribio. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walitilia shaka matokeo hayo, na mjadala ungali unaendelea. Shaka hiyo haiivunjii makala heshima, kwani makala isiyoweza kupimwa haiwezi hata kukanushwa.

Basi, mwalimu mwenye vipimo daftarini asingoje kuwa bingwa ndipo aandike.