Maradhi ya Nyayo na Maumivu ya Kiuno

Maumivu ya kiuno ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa zinazowazuia watu kufanya kazi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa nayo. Katika Nyanda za Juu za Kusini, ambako mazao mengi hulimwa kwa jembe la mkono na kubebwa kichwani au begani, kiuno cha mwanachama ni chombo cha uzalishaji sawa na jembe lake. Mwanachama wa Ilomba, Mbeya, alimaye mteremkoni au apakiaye magunia kando ya barabara kuu iendayo Zambia, akiumwa kiuno hulaumu jembe au gunia. Lawama hiyo mara nyingi ni ya haki. Lakini ipo sababu nyingine ambayo husahauliwa kwa kuwa iko mbali na mahali panapouma, nayo ni unyayo.

KAZI YA UNYAYO

Unyayo mmoja una mifupa 26, iliyoshikamanishwa kwa kano na kupangwa kwa umbo la upinde. Mtu akanyagapo, upinde huo hushuka kidogo, hupokea uzito, kisha huinuka na kumsukuma mbele. Kwa njia hiyo hupunguza kishindo ambacho kingepanda hadi magotini, nyongani na kwenye uti wa mgongo. Nyayo ni kama msingi wa nyumba: msingi ukititia upande mmoja, ufa huweza kuonekana juu, karibu na paa.

JINSI ILA YA CHINI INAVYOPANDA JUU

Ila hiyo hupanda kwa njia kuu tatu. Njia ya kwanza ni unyayo kulalia upande wa ndani kupita kiasi. Ukilala hivyo, mfupa wa muundi huzunguka kuelekea ndani, paja hufuata, na nyonga huinama mbele. Kiuno nacho hubonyea zaidi, na misuli yake hulazimika kukaza muda wote mtu awapo kazini.

Njia ya pili ni kuchechemea. Mwenye kidonda au sugu inayouma hukwepa kuukanyagia mguu huo. Uzito huhamia mguu wa pili, nyonga huenda upande, na misuli ya upande mmoja wa kiuno hubeba kazi ya pande mbili. Siku moja ya kuchechemea haina madhara makubwa. Msimu mzima wa mavuno ni jambo jingine.

Njia ya tatu ni kutolingana kwa kimo cha miguu. Pengine mtu huzaliwa hivyo, au mfupa uliovunjika huunga vibaya. Kiatu kilicholika kisigino upande mmoja nacho huweza kuupotosha mkanyago.

MARADHI YA KUANGALIWA

Maradhi ya nyayo yaonekanayo mashambani ni magaga yaliyopasuka, sugu, vidonda vya miiba na funza. Mdudu huyu hakuwa wa Afrika Mashariki tangu asili. Aliingia Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, naye akaenea barani hadi kufika pwani ya Bahari ya Hindi kabla ya karne ya 19 kwisha. Mwenye funza wengi hukanyagia kisigino au ubavu wa mguu. Kuwatoa kwa pini inayotumiwa na watu wengi ni hatari, kwani huweza kuleta pepopunda na maambukizo mengine. Mafuta ya dimetikoni, yaliyojaribiwa nchini Kenya, huwaua funza bila kuchokoa ngozi.

Kutembea peku si ila kwa upinde wa unyayo. Uchunguzi uliofanywa India kwa watoto 2,300 na kuchapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba nyayo bapa zilikuwa nyingi zaidi kwa watoto waliovaa viatu kuliko kwa wale waliotembea peku. Kiatu kinatakiwa kwa sababu ya miiba, funza, na safura, ambayo mabuu yake huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mguu.

MIPAKA YA JAMBO HILI

Haifai kudhani kwamba kila kiuno kinachouma kimeharibiwa na nyayo. Uchunguzi wa Framingham nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, uliona kwamba wanawake ambao nyayo zao hulalia ndani wanapotembea walikuwa na maumivu ya kiuno zaidi. Lakini umbo la unyayo mtu anaposimama tu halikuonyesha uhusiano huo. Aidha, mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2007 yalithibitisha kwamba soli za kuwekwa ndani ya viatu hazizuii maumivu ya mgongo. Kwa hiyo mwenye nyayo bapa zisizouma hana haja ya kutumia fedha zake kununua soli hizo.

WAJIBU WA CHAMA

Katibu wa chama aweza kufanya mengi bila gharama kubwa. Mabuti ya mpira yakiagizwa kwa pamoja, yafaa kwanza kila mwanachama asimame juu ya karatasi na unyayo wake kuchorwa, hasa jioni, kwani miguu huvimba kidogo mchana. Buti lililo kubwa mno huteleza matopeni, na lililo dogo huzalisha sugu.

La pili ni uzito. Tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani limependekeza kwamba mwanamume mmoja asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Gunia la lumbesa huupita uzito huo mbali sana, na hakuna unyayo wala kiuno kilichoumbwa kwa ajili yake. Mizigo igawanywe, au ibebwe kwa mkokoteni.

La tatu ni kila mwanachama kuosha na kukagua nyayo zake jioni, na kutibu kidonda kingali kidogo. Mwenye ugonjwa wa kisukari asiache hata siku moja, maana miguu yake huweza kufa ganzi asisikie jeraha.

Mwisho, zipo dalili zisizongoja: miguu kulegea, ganzi sehemu za siri, mkojo kuzuilika au kutoka wenyewe, au maumivu ya mgongo pamoja na homa na kukonda. Mwenye mojawapo apelekwe hospitali mara moja. Kwa wengine wote, anayeumwa kiuno na atazame pia nyayo zake na viatu vyake, kisha amweleze mganga wa zahanati yote mawili.