Rowan Atkinson: Kicheko cha Kupimwa

Mwaka 1987, katika tamasha la vichekesho la Just for Laughs mjini Montreal, Rowan Atkinson aliomba jambo lililowashangaza waandaaji: apangwe jukwaa la Kifaransa. Mchezo wake haukuwa na Kifaransa chochote, na hata Kiingereza hakikuwa na kazi kubwa humo. Alitaka kujua kama yule mtu aliyekuwa akimuumba, ambaye baadaye angeitwa Mr. Bean, angewavunja mbavu watu wasiojua lugha yake. Jaribio likafaulu.

Tarehe 1 Januari 1990 Bean akaingia kwenye runinga za Uingereza. Kitazame tena kile kipande cha mtihani wa hisabati. Bean ameketi, anapanga kalamu zake na vidoli vyake mezani, kimoja kimoja, kwa makini ya daktari anayejiandaa kupasua. Mtahiniwa wa pembeni ameshamwambia kuwa amesoma kalkulasi. Yeye Bean amesoma trigonometria. Bahasha zinafunguliwa, na karatasi anayoitoa ni ya kalkulasi. Kuanzia hapo hakuna maneno ya maana. Kuna shingo inayorefuka taratibu, jicho linalochungulia kwa jirani, kisha uso unaojifanya unatazama ukutani. Dakika za mwisho msimamizi anawakumbusha kwamba walikuwa na karatasi mbili za kuchagua. Bean anatazama ndani ya bahasha. Uso ule, katika sekunde mbili tatu, unapita kwenye mshangao, hesabu ya haraka, hofu. Kila kituo kimepewa muda wake kamili. Ukiongeza nusu sekunde, kicheko kinapotea.

Naamini upimaji huo haukuja kwa bahati. Atkinson, mtoto wa mkulima, alizaliwa mwaka 1955 Consett, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, akasomea uhandisi wa umeme Newcastle, kisha akaendelea na shahada ya uzamili Oxford. Huko ndiko alikokutana na mwandishi Richard Curtis na mtunzi wa muziki Howard Goodall, wenzake wa miaka mingi. Mapenzi ya mitambo hayakumtoka. Mwaka 2001, akiwa mapumzikoni Kenya na familia yake, rubani wa ndege ndogo waliyopanda alizimia angani, na Atkinson akashika usukani mpaka rubani alipozinduka na kutua Nairobi.

Watu husahau kwamba bingwa huyu wa ukimya alianza kung'ara kwa ulimi. Ana kigugumizi tangu utotoni, na amesema mwenyewe kwamba mara nyingi kinamwacha anapoigiza mtu mwingine. Herufi B humpa shida, hivyo hujifunga kuitamka kwa kuikaza. Katika tamthilia ya Blackadder, iliyorushwa na BBC kati ya mwaka 1983 na 1989, matamshi hayo ya kukazwa yakawa silaha: tusi linatoka pole pole, limenolewa, na anayetukanwa anachelewa kujua kwamba ameshakatwa. Mwaka 1994 akampa sauti Zazu, yule ndege wa The Lion King, na hapo mwili wote tunaoujua haukuonekana kabisa.

Vipindi vya Mr. Bean vyenyewe, mpaka 1995, havikuzidi 15. Ni vichache mno ukilinganisha na sehemu vilikofika: mtoto wa Mombasa na bibi yake wanacheka mahali pamoja, bila mfasiri. Filamu na katuni zilizofuata zilipanua soko, lakini kwangu mimi hazikufikia ukali wa vile vya mwanzo. Bean akipewa safari ndefu na watu wengi wa kuzungumza nao, anapungua.

Mwaka 2016 alimwigiza Maigret, mpelelezi wa Paris, katika filamu za runinga zisizo na kichekesho.  Waliozipita walikosa kumwona Atkinson akitumia jicho lile lile la chumba cha mtihani, safari hii kumsubiri mshukiwa aseme uongo wake mpaka mwisho.