Uchovu sugu: Kwa nini wagonjwa wanadai sauti kwenye mikutano ya watafiti

Mikutano ya kitabibu kuhusu uchovu sugu, ugonjwa uitwao pia ME, huwakosa wanaoujua zaidi: wagonjwa walio hoi. Safari, mwanga na kelele za ukumbini huweza kuwalaza kitandani kwa wiki kadhaa, maana dalili huzidi baada ya juhudi hata ndogo. Walilisema hilo miaka mingi, huku wakiandikiwa mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua. Inauma kwamba taasisi ya NICE ya Uingereza iliacha kupendekeza tiba hiyo Oktoba 2021 tu. Huko huko, wagonjwa walishirikishwa kuongoza DecodeME, utafiti uliotangaza mwaka 2025 maeneo 8 ya vinasaba yanayohusishwa na ugonjwa huu. Waandaaji, rusheni mikutano mtandaoni, na maswali ya wagonjwa yatangulie.