Risasi Isiyo na Mlio

Neno risasi, tulilolipokea kutoka Kiarabu, lina maana mbili katika Kiswahili: kitu kitokacho katika mtutu wa bunduki, na madini laini, mazito, yatumikayo katika betri za magari. Risasi ya kwanza hulia, nasi tukatimua mbio. Ya pili haina mlio.

Wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa makabwela mjini Mombasa, wanaijua hiyo ya pili. Kwa miaka kadhaa, hadi kilipofungwa mwaka 2014, kiwanda kilichopakana na nyumba zao kiliyeyusha betri kuukuu ili kupata madini hayo. Sumu yake hudhuru ubongo, figo na damu, na watoto ndio huathirika zaidi. Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alipogundua kwamba mwanawe mchanga ana risasi mwilini, aliacha kazi akaanza kupigania haki.

Tarehe 16 Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua amri hiyo ya fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikairejesha.

Viwanda vya namna hii huitwa "haramu". Neno hilo, msomaji mpendwa, laweza kutupumbaza. Kiwanda kile hakikujificha msituni. Kilikuwamo katika mpango wa serikali wa kuuza bidhaa ng'ambo, na mahakama iliona kuwa asasi za serikali nazo zilistahili lawama.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Sisi wa Magarini si wageni wa mambo haya. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuja kusikiliza vilio vyetu kuhusu viwanda vya chumvi: ardhi, mazingira na hali ya vibarua.

Sheria ya mwaka 1999 yataka athari za mradi zitathminiwe kabla haujaanza. Lakini ripoti za tathmini huandikwa kwa Kiingereza, na mama achotaye maji kisimani Marereni husema Kigiriama na Kiswahili. Atapingaje asichoweza kukisoma? Ripoti na isomwe barazani, kwa lugha yake, kabla tanuri halijawashwa. Fidia hulipa deni. Haiirudishi akili ya mtoto.