Skrini nyeusi katika Linux: Usikimbilie kufuta diski

WATUMIAJI wengi wanaohamia Linux, mfumo endeshi usiolipiwa ambao msimbo wake uko wazi kwa umma, hupatwa na hofu moja. Mfumo huingia vyema katika tarakilishi, lakini mashine inapowashwa tena skrini hubaki nyeusi tititi. Asiyejua chanzo hudhani mashine imekufa. Huipeleka kwa fundi, naye fundi akafuta diski nzima pamoja na kazi, picha na stakabadhi zilizohifadhiwa humo.

Aghalabu mashine huwa nzima. Kinachokosekana ni maelewano baina ya Linux na kadi ya michoro, kifaa kinachochora kila kitu tunachokiona kwenye skrini. Maelewano hayo huletwa na programu ndogo iitwayo draiva.

Kwa kadi za Intel na AMD, draiva huja pamoja na kiini cha Linux, hivyo matatizo ni machache. Utata huzuka zaidi kwa kadi za Nvidia. Kwa miaka mingi kampuni hiyo ya Marekani ilificha msimbo wa draiva yake, na wanaprogramu wa kujitolea wakalazimika kuunda yao, Nouveau, kwa kuchunguza utendakazi wa kadi zenyewe. Ni mwaka wa 2022 ambapo Nvidia ilifungua sehemu ya msimbo huo. Draiva hizi mbili haziwezi kutawala kadi moja kwa wakati mmoja.

Ufanyeje basi? Kwanza, ifikie mashine. Menyu ya kuwashia inapotokea, bonyeza herufi 'e', tafuta mstari unaoanza kwa neno 'linux', ongeza 'nomodeset' mwishoni mwake, kisha bonyeza F10. Mara nyingi skrini itawaka, ijapokuwa picha hazitapendeza. Badiliko hilo hudumu kwa safari hiyo moja tu. Litumie kunakili faili zako muhimu.

Pili, itambue kadi yako. Kwa watumiaji wa Ubuntu, amri 'ubuntu-drivers devices' huonyesha kadi iliyopo na draiva inayoifaa, nayo 'sudo ubuntu-drivers install' huiweka. Hii ni salama kuliko kupakua draiva kwingine na kuilazimisha kwa mkono, kwa maana ile ya mkono huenda ikavunjika kiini kinaposasishwa.

Tatu, chunguza kinga ya Secure Boot, ambayo hukataa draiva isiyo na saini inayotambulika. Ubuntu ikikuomba uunde nywila wakati wa kuweka draiva, ikumbuke. Mashine ikiwaka upya, skrini ya buluu hutokea; chagua 'Enroll MOK' na uandike nywila hiyo. Wengi huipuuza hatua hii, na draiva hukataliwa kimya kimya.

Iwapo giza limeingia baada ya kusasisha mfumo uliokuwa ukifanya kazi, fungua 'Advanced options' kwenye menyu ya kuwashia na uchague kiini cha awali. Ubuntu hukihifadhi kwa dharura kama hiyo.

Kwa hivyo, kabla ya kumruhusu fundi yeyote kufuta diski yako, muulize kwanza iwapo amezijaribu hatua hizi. Draiva huwekwa upya kwa dakika chache, ilhali faili zilizofutwa bila nakala huenda zisipatikane tena.