Stroberi si ndizi: Ukiichuma mbichi, utamu umeishia hapo

Kama unapanga kulima stroberi Kimuka, kule nyuma ya vilima vya Ngong, pengine ushapiga hesabu ya miche, tangi la maji na mipira ya kunyunyizia. Lakini kuna swali ambalo wengi hulisahau hadi siku ya mavuno: hili tunda linaivaje?

Sisi tumelelewa na ndizi. Inakatwa ikiwa kijani, inafungiwa chumbani, na baada ya siku chache iko sawa. Embe na parachichi ni vivyo hivyo. Matunda haya hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huyaivisha hata yakiwa yashatoka mtini. Ndiyo maana mabroka wengine hutumia kabaidi, ambayo gesi yake hufanya kazi kama ethilini.

Stroberi haiko kwa hiyo stori. Ukiichuma ikiwa nyeupe au ya waridi, inaweza kugeuka nyekundu ikiwa njiani kuelekea Nairobi. Itapendeza kwa macho, lakini utamu hautaongezeka, manake sukari ilikuwa ikitoka kwa majani na wewe ushakata njia. Mteja akionja pakiti kama hiyo mara moja, harudi.

Basi nani huamua wakati wa kuiva? Zile mbegu ndogo za nje. Kitaalamu, kila moja ya hizo ndiyo tunda. Nyama tamu tunayokula ni kitako cha ua kilichovimba. (Niliacha chuo kitambo, lakini hapo ilibidi nisome mara mbili.) Mbegu changa hutoa homoni inayoitwa oksini, inayokuza nyama na papo hapo kuizuia isiive. Mwaka wa 1950 mtafiti Jean Nitsch alieleza kuwa stroberi iliyotolewa mbegu huacha kukua, na ikipakwa oksini huendelea.

Mbegu zikikomaa, oksini hupungua na homoni nyingine, asidi absisiki, hupanda. Hapo jeni za kuivisha huamka: za rangi, za harufu, za kulainisha. Jeni ya wekundu inaitwa MYB10. Kuna stroberi za mwituni ambazo herufi moja tu ya jeni hiyo ilibadilika, nazo huiva zikiwa nyeupe.

Mambo haya yako shambani, si maabara pekee. Stroberi iliyopindapinda mara nyingi ni ya ua ambalo nyuki hawakulizunguka lote. Mbegu isiyochavushwa haitoi oksini, na nyama iliyo chini yake haivimbi. Kwa hivyo ukiweka neti ya kuzuia ndege, hakikisha nyuki wanapita.

Kuzalisha aina mpya nako si mchezo. Binadamu ana seti 2 za kromosomu; stroberi ya shambani ina 8, na ramani ya jeni zake iliyo karibu kamili ilichapishwa 2019 tu. Wakulima wengi Kenya bado wanategemea aina za kutoka nje kama Chandler, ya Chuo Kikuu cha California.

Kwa mkulima wa Kimuka, basi, subiri angalau robo tatu ya tunda iwe nyekundu. Chuma asubuhi kukiwa baridi, na kikonyo chake, uipange kwenye vyombo vifupi. Usioshe. Na kabla ya kuchuma, uwe ushampigia mnunuzi simu.